Mimea ya kuning'inia kwa sanduku la roshani linalopata jua nusu siku

Kosa la kuchagua vibaya halionekani siku ya kupanda. Huonekana baada ya miezi mitatu hivi: mikia ya mmea imeteremka vizuri, jirani wa chini anaisifu, lakini ukisimama juu ya sanduku unaona udongo mtupu na mashina yasiyo na jani. Utosi umeota kipara. Chanzo chake ni namna mwanga unavyoingia kwenye roshani zetu. Juu kuna zege la ghorofa inayofuata, au bati la kibaraza, kwa hiyo mwanga huja kwa ubavu. Mikia iliyotoka nje ya ukingo inaoga mwanga mchana kutwa huku mdomo wa sanduku ukiwa gizani, na mmea huyaacha majani ya gizani yaanguke.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa muuza miche, pima mwanga unaofika mdomoni mwa sanduku, pale utosi wa mmea utakapokaa. Mwanga wa sakafuni au wa kwenye nguzo ya reli ni habari nyingine kabisa.

Kupima jua

Chagua siku isiyo na mawingu. Weka ndoo au kiti mahali sanduku litakapokaa, kwa kimo kilekile, na juu yake karatasi nyeupe. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila saa, andika neno moja: jua, madoadoa (jua lililochujwa na majani ya mwembe au na nondo), au kivuli. Adhuhuri nyoosha mkono sentimita 30 juu ya karatasi. Kivuli cha vidole kikionekana kimoja kimoja, hata kama kimefifia, mwanga unatosha kwa mimea yote inayopenda kivuli. Ukiona wingu tu lisilo na umbo la mkono, bado kuna mimea michache itakayoishi. Usipoona kivuli chochote, peleka sanduku mahali pengine, kwa sababu hakuna mmea wa kuning'inia utakaokubali kuishi hapo. Utakufa polepole tu.

Halafu kuna suala la upande, na hapa ndipo maelekezo ya kuazima yanapowapoteza watu. Video na vitabu vingi vya bustani vimetoka Ulaya na Marekani, na vinakariri kwamba upande wa kaskazini ni wa kivuli. Sisi tuko jirani na ikweta. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini tangu mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Juni huwa limelala nyuzi 30 kaskazini kutoka utosini. Desemba nyuzi 17 kusini. Ukiweka hesabu kwenye roshani yenyewe, kama kati ya mdomo wa sanduku na zege la juu kuna mita 2, jua la adhuhuri la Juni linaingia zaidi ya mita 1 ndani ya roshani inayotazama kaskazini. Desemba roshani hiyohiyo haipati hata mwale wa adhuhuri, na ile ya kusini inapata ukanda wa sentimita 60 tu. Nairobi, nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, mgawanyo ni karibu nusu kwa nusu: nyuzi 25 kaskazini mwezi Juni, 22 kusini mwezi Desemba.

Maana yake, roshani ya kaskazini au ya kusini ina misimu miwili, na kipimo cha siku moja kitakudanganya. Pima mara mbili, Juni na Desemba, au panda mmea unaovumilia hali zote mbili. Mashariki na magharibi havibadiliki sana mwaka mzima. Jua la mashariki, linaloondoka saa nne au saa tano asubuhi, ndilo bora kupita yote: lina mwanga wa kutosha na bado halina makali. La magharibi ni kinyume chake. Ukuta na sakafu vimeshapata moto tangu adhuhuri, jua linaingia kuanzia saa tisa, na saa mbili za jua hilo zinaunguza majani ambayo yangestahimili saa nne za asubuhi bila shida.

Kiu ni kitu cha pili

Mimea iliyomo kwenye sanduku moja inakunywa kikombe kimoja. Ferni inataka udongo usikauke kamwe. Ripsalisi (kakati wa kuning'inia) na peperomia (mmea mdogo wa majani manene) zinataka ukauke nusu kabla ya kumwagiliwa tena. Ukizichanganya utaua moja kwa kuihudumia nyingine, na kwa kawaida anayekufa ni yule wa kiu ndogo, maana wengi wetu tunamwaga maji kwa huruma. Gawanya hivi: wenye kiu kubwa ni ferni, matembele, nanaa na begonia, wa kati ni tradeskansia, spaida na mani planti, wenye kiu ndogo ni asparagasi iliyokomaa, peperomia, ripsalisi na streptokapasi wa mawe. Sanduku moja, kundi moja.

Kama huna uhakika, panda aina moja tu sanduku zima. Kwa macho yetu sanduku lililojaa mmea mmoja unaomwagika sawasawa linapendeza kuliko lenye aina tano zinazosukumana, na ukikosea unajua umekosea wapi.

Mimea yenyewe

Mani planti, *Epipremnum aureum*, inauzwa kila kona, na kwa mwanga usio na jua la moja kwa moja haina mpinzani. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Pasifiki, lakini joto la pwani yetu linaifaa kama nyumbani. Kwenye sanduku mikia hufika mita 2 hadi 3, kwa hiyo inafaa ghorofani, haifai ukuta wa kibaraza wenye kimo cha goti. Jambo la kujua mapema: ikining'inia, majani huendelea kuwa madogo, ikipanda juu ya mti au ukuta ndipo huwa makubwa. Usinunue ukitegemea majani ya ukubwa wa sahani. Yenye mabaka ya manjano hupoteza mabaka hayo kwenye giza na kubaki kijani kitupu. Utomvu wake una fuwele za oksalati zinazowasha mdomo na kuuvimbisha, hivyo mikia isifike mtoto anayetambaa, paka au mbuzi atakapoifikia. Na vipande ulivyokata usivitupe bondeni. Huota mizizi na kupanda miti.

Tradeskansia ya pundamilia, *Tradescantia zebrina*, ndiyo tungeichagua kwanza kwa roshani ya mashariki. Jani ni la fedha na kijani kwa mistari, chini ni zambarau. Hufika sentimita 60 hadi 90, hujaza haraka, na vipandikizi vyake huota mizizi kwa siku 7 hadi 10 bila ubembelezaji wowote. Mwanga ukipungua utaambiwa na rangi kabla ya kitu kingine: fedha inafifia, zambarau inageuka kijani chafu, na pingili, yaani nafasi kati ya jani na jani, zinarefuka kutoka sentimita 3 au 4 hadi 7 au 8. Ndugu yake wa zambarau tupu, *Tradescantia pallida*, anahitaji jua zaidi, saa nne na kuendelea, lakini anavumilia jua la magharibi na upepo wa bahari kuliko wote waliotajwa hapa. Utomvu wa zote mbili huwasha ngozi za baadhi ya watu; vaa glavu kama mikono yako ni myepesi wa vipele.

Kalisia, *Callisia repens*, ina majani madogo na hushuka sentimita 30 hadi 40 tu. Inafaa sanduku fupi na mbele ya dirisha. Kama kibaraza ni cha chini na kuna kuku uani, isahau. Wataimaliza kwa asubuhi moja.

Spaida, *Chlorophytum comosum*, ni mwenyeji wa Afrika, na inastahimili makosa mengi ya mwagiliaji. Inachoning'iniza ni vikonyo vyenye vitoto mwishoni, kwa hiyo usitarajie pazia la majani. Utapata chemchemi juu na vitoto vikielea chini kwa sentimita 60 au 70. Haina sumu kwa paka. Ncha zake zinakauka kahawia ukimwagilia maji ya chumvichumvi, na visima vingi vya pwani vina maji hayo.

Asparagasi ya mapambo, ile ya matawi laini kama manyoya yenye miiba midogo, hufika sentimita 60 hadi 90 na inastahimili upepo. Ila ipewe sanduku lake peke yake. Chini hufanya viazi vyeupe vya kuhifadhi maji, na baada ya mwaka mmoja au miwili vinakuwa vimejaa sanduku na kusukuma udongo juu hadi maji hayana pa kuingia.

Wakazi wa Lushoto, Arusha, Nairobi na nyanda nyingine za baridi wana mmea ambao pwani inaweza kuwaonea wivu: *Streptocarpus saxorum*, wenye majani manene yenye manyoya na maua ya zambarau hafifu yaliyosimama juu ya vikonyo vyembamba kama uzi. Jina lake la pili linamaanisha "wa mawe", na ndivyo unavyoishi kwao Usambara, umeshikilia nyufa za miamba chini ya miti. Hilo tayari ni mwongozo wa kuutunza: udongo mwepesi, kidogo, unaokauka juu kabla ya maji mengine, na kivuli chenye mwanga. Hushuka sentimita 30 hadi 40. Ni ukoo mmoja na saintpaulia, ua ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilituma Ujerumani kutoka Tanga mwaka 1892 na ambalo leo liko madirishani dunia nzima. Inachekesha kidogo kwamba kulipata kwa muuza miche wa Dar ni kazi kuliko kupata mmea wa Pasifiki.

Kwa anayetaka sanduku lilipe, kuna matembele. Marando yenye urefu wa sentimita 20 hadi 25, vifundo viwili (kifundo ni pale jani linapotokea kwenye shina) chini ya udongo, na baada ya wiki nne au tano unaanza kuchuma. Yanahitaji jua la saa nne au zaidi. Chini ya hapo yanatoa mashina marefu na majani machache. Ya mapambo, yenye majani ya kijani-limau au zambarau iliyoiva, yanatunzwa vilevile, ila zambarau ikikosa jua hugeuka kijani chenye matope. Nanaa pia huning'inia na hupenda nusu kivuli, lakini mizizi yake ni mnyang'anyi. Ipande ndani ya kopo lililotobolewa, kisha fukia kopo lenyewe kwenye sanduku.

Sasa yale ya kuacha dukani. Petunia na potulaka hupendeza kwa muuza miche kwa sababu yako juani kutwa nzima. Kwenye jua la saa tatu maua yatakoma ndani ya mwezi. Aivi ya Kizungu, *Hedera helix*, ni nzuri Nairobi na Mbeya, lakini pwani kwenye joto kavu la Januari huvamiwa na utitiri hadi majani yawe kama yamenyunyiziwa vumbi. Na ule mmea wa vijani duara kama shanga, *Curio rowleyanus*, huoza Dar kila masika usipokuwa chini ya paa lenye upepo wa uhakika.

Kwa muuza miche

Usivutwe na mkia mrefu. Mche wa sentimita 15 wenye machipukizi sita au manane yanayotoka kwenye udongo unauzidi mche wa sentimita 60 wenye mashina mawili, kwa sababu huo wa pili tayari una kipara. Panua majani kwa vidole utazame utosi. Geuza jani uangalie chini: vijidudu vyeupe kama pamba kwenye kwapa la jani, au utando mwembamba, rudisha mahali pake. Mwombe muuzaji autoe mche kwenye mfuko. Mizizi myeupe au ya maziwa ni hai, ya kahawia inayokatika ukiivuta imeoza.

Uliza pia ulikuwa umewekwa wapi. Mche uliolelewa chini ya neti ya kivuli ukipelekwa moja kwa moja kwenye jua la asubuhi utaungua siku ya kwanza, hata kama ni aina inayolipenda. Uzoeshe siku 7 hadi 10: saa moja ya jua, kisha mbili, kisha muda wote.

Sanduku na udongo

Sanduku linalofanya kazi ni la sentimita 80 kwa 20, kina 20. Chini ya kina cha sentimita 15 utamwagilia mara mbili kwa siku wakati wa kaskazi. Toboa matundu sita ya milimita 8 hadi 10 kwenye kitako, funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili udongo usitoke, na liinue sentimita 2 juu ya sakafu kwa vipande vya vigae.

Usiweke kokoto chini. Ni desturi ya zamani na inafanya kinyume cha inavyodhaniwa: maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, hivyo hutuama juu yake, na ule ukanda wa udongo uliolowa unasogezwa juu karibu na mizizi. Matundu na udongo mwepesi vinatosha.

Kwa sanduku hilo, ukiacha sentimita 3 juu za kushika maji, unahitaji lita 27. Chukua kopo la lita 3 upime: makopo manne ya usumba laini wa makumbi ya nazi (wengine huununua kama kokopiti), matatu ya mboji iliyoiva, mawili ya udongo tifutifu, moja la pumba za mpunga zilizochomwa hadi kuwa nyeusi au mchanga mkavu wa mtoni. Utapata lita 30, zitashuka baada ya kumwagilia. Usumba wa makumbi yaliyoozeshwa kwenye matope ya bahari kwa ajili ya kusokota kamba una chumvi. Uloweke kwenye maji baridi na uyamwage mara tatu. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa. Samadi ya kuku ipumzike miezi miwili au mitatu, la sivyo itaunguza mizizi.

Mchanganyiko huu ukilowa una kilo 30 hivi. Udongo mtupu ungekaribia 50, na hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na usumba. Likikaa juu ya reli, lifunge upande wa ndani, vishikio vitatu vya chuma, na uongeze waya wa kufungia nondo pande zote mbili.

Mfano wa sanduku moja: roshani ya mashariki, ghorofa ya tatu, Dar

Jua kuanzia saa moja hadi saa nne na nusu. Mmea wa mbele tradeskansia ya pundamilia, nyuma spaida mbili za kusimama. Wote kiu ya kati.

Kata vipandikizi 15 vya pundamilia, urefu wa sentimita 10, chini kidogo ya kifundo. Ng'oa majani mawili ya chini. Vikae kivulini saa moja ili jeraha likauke. Wakati huo lowesha udongo wa sanduku na uuache uchuje. Panda spaida kwanza, sentimita 20 kutoka kila mwisho na sentimita 6 kutoka ukuta wa nyuma, shingo ya mmea ikiwa sawa na uso wa udongo, ukiizika inaoza. Vipandikizi vigawe katika mafungu matatu ya vitano, sentimita 25 kati ya fungu na fungu. Katika kila fungu, vitatu viwe sentimita 4 kutoka ukingo wa mbele na viwili nyuma yao, karibu na katikati ya sanduku. Hao wawili wa nyuma ndio kinga ya kipara. Watu huwa wanapanda wote ukingoni kwa haraka ya kuona mikia, kisha katikati panabaki jangwa.

Sukuma kila kipandikizi hadi kifundo kimoja kizame, kandamiza kwa kidole, mwagilia lita 2 polepole. Sanduku likae penye mwanga bila jua kwa siku 10, kisha lizoeshe.

Baada ya wiki tatu, kila shina likifika majani sita, kata ncha ukibakiza manne. Shina moja linatoa mawili. Rudia baada ya wiki nne nyingine. Anayekosa moyo wa kukata mara hizi mbili atapata mikia 15 myembamba badala ya pazia, na mwanga hautamsaidia.

Maji, chakula

Ingiza kidole sentimita 3 au 4. Pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke kwenye matundu, kiasi cha lita 3 kwa sanduku la mfano wetu. Januari na Februari kaskazi ikivuma, huenda ikawa kila siku. Julai, mara mbili au tatu kwa wiki. Masika isikudanganye: chini ya zege mvua haifiki, na sanduku linaweza kukauka huku barabara imefurika. Mwagilia kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, na uelekeze maji kwenye udongo.

Visahani vya chini vimwagwe na kusuguliwa kwa brashi kila wiki. Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hukua kutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja hadi siku kumi ndani ya maji kidogo tu. Kumwaga peke yake hakutoshi kwa kuwa mayai hugandia ukutani mwa kisahani.

Mbolea: NPK 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, gramu 5 hivi, kwenye lita 5 za maji, kila wiki tatu au nne, udongo ukiwa umelowa tayari. Punje zisikandamizwe kwenye sanduku zikiwa kavu. Urea iache shambani. Kwenye sanduku hutoa mashina marefu laini yanayovunjika kwa upepo.

Mambo yanapoharibika

Kipara kikishatokea, usinunue mmea mwingine. Chukua mikia mitatu au minne iliyo mirefu, irudishe juu, izungushe juu ya udongo na uibane kwa vipande vya waya vilivyokunjwa kama pini ya nywele, kila kifundo cha tatu. Vifundo vitaota mizizi kwa wiki mbili kwa tradeskansia, tatu au nne kwa mani planti, na machipukizi mapya yatatoka katikati. Mikia mingine kata nusu, vipande vyake upande palepale. Halafu tibu sababu: inua sanduku hadi mdomo wake uwe sawa na ukingo wa reli au juu yake, na usilisogeze ndani zaidi ya sentimita 50 kutoka kwenye uwazi. Kupaka chokaa nyeupe dari ya roshani kunaongeza mwanga wa juu kuliko watu wanavyotarajia.

Majani yenye mabaka makavu ya rangi ya karatasi, upande unaotazama nje tu, yameungua na jua. Yakiwa ya manjano na laini kuanzia chini ya mmea, huku udongo umelowa, mizizi inaoza. Zibua matundu kwa msumari kabla ya kulaumu kingine. Majani yanayonyauka saa nane mchana na kusimama tena usiku hayadai maji zaidi, yanadai kivuli saa hizo.

Ncha za kahawia za spaida: mwaga ndoo nzima ya lita 20 ya maji ya mvua, polepole kwa nusu saa, ili chumvi isombwe nje ya matundu. Fanya hivyo kila mwezi kama maji yako ni ya kisima, kwenye bomba la uani au siku ambayo jirani wa chini hajaanika.

Wadudu weupe kama pamba hukaa kwenye vifundo vya mani planti na tradeskansia, nao huletwa na sisimizi. Ukiona msafara wa sisimizi unapanda sanduku, chunguza. Wachache waguse kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Wakizidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni hadi chini ya majani, suuza asubuhi, rudia baada ya siku 7 mara tatu. Jaribu jani moja kwanza, na streptokapasi usimnyunyizie, manyoya yake hushika sabuni na jani huoza. Inzi weupe wa matembele dawa yao ni hiyohiyo, ila majani ya kula yakae siku mbili na kuoshwa vizuri kabla ya kuingia chunguni.

Mwishoni mwa Septemba, kabla joto halijapanda, kata mikia yote ya tradeskansia ibaki sentimita 15. Sanduku litaonekana kama limenyolewa kwa wiki tatu hivi, kisha vuli ikianza litakuwa limeshajaa tena hadi katikati.